Stika ya Mtoto Anayelia

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, dawati la watoto
Shauri: kutoweka kwa mwanafunzi wa kike, miaka 13
Shahidi: mwanamume, anajulikana kama Fundi Bango. Jina la kitambulisho limo kwenye jalada.
Umri: miaka 46
Kazi: kuchapa mabango, vibao na stika
Makazi: vyumba viwili nyuma ya duka lake, barabara ya nyuma ya soko
Tarehe: Alhamisi, tarehe 22. Yameanza kuandikwa saa 3:10 asubuhi.

Mimi Fundi Bango nasema haya kwa hiari yangu. Sikushikiwa fimbo wala sikuahidiwa pipi. Afande anasema habari ya pipi haina haja hapa, nimemwomba aiache, kwa sababu ndivyo ninavyoongea, na nikianza kuongea kama karani wa mahakama nitajikuta napamba. Jina langu la kitambulisho analo. Ukiliulizia mtaani utazunguka mpaka jioni. Uliza Fundi Bango, hata mtoto anayetambaa atakuonyesha.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya yule mtoto wa shule ambaye hajaonekana nyumbani kwao tangu juzi Jumanne, tarehe 20. Ninayo namba ya simu aliyokuwa akiitumia, namba ambayo mama yake haijui. Nilipaswa kuileta jana. Kwa nini sikuileta jana nitasema, lakini naomba nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitaonekana mtu mzuri.

Duka langu lina kompyuta moja, mashine ya kuchapa na mashine ya kukata. Natengeneza mabango ya harusi, ya misiba, ya wagombea, vibao vya zahanati na vya mbwa mkali. Kila kazi inayotoka kwangu ina namba ya simu ya duka kwenye kona ya chini, kulia, maandishi madogo. Hata bango la msiba lina namba. Watu wamenisema sana kwa hilo, nami huwajibu kwamba marehemu hanung'uniki.

Stika za kwenye simu si biashara yangu. Ni mchezo. Nachukua picha ya mtu, naikata, naandika neno, naituma kwenye grupu la ukoo. Shemeji yangu nilimtengeneza akiwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, nikaandika "NASUBIRI KUITWA KAZINI". Mama mkwe nilimtengeneza amekunja uso, "NIMEKUSIKIA ILA SIJAKUELEWA", na yeye mwenyewe ndiye anayeitumia kuliko wote. Mtu akinipigia salamu, namjibu kwa stika. Mteja akiuliza kazi imeisha, namjibu kwa stika. Mama watoto husema siku malaika wa kifo akinitumia ujumbe nitamjibu kwa stika. Nasema haya si kwa kujichekesha. Nasema ili ieleweke jinsi mkono wangu ulivyozoea.

Jumapili tarehe 4, baada ya chakula cha mchana, kitindamimba wangu alikuja dukani na ile simu yangu ya zamani niliyompa. Ni binti wa miaka kumi na minne, yuko darasa moja na huyo mtoto aliyepotea. Akaniambia, "Baba, hebu nitengenezee hii, utacheka." Akanirushia picha kwenye kompyuta.

Nilicheka. Afande ameniuliza kama nina hakika nataka neno hilo liandikwe. Liandikwe.

Ilikuwa picha ya msichana mwenye sare ya shule, analia. Macho ameyafumba, mdomo ameufungua wote, machozi na makamasi yamekutana. Nyuma yake kulikuwa na vigae vyeupe na mlango wa bluu. Begani kulikuwa na mkono wa mtu mwingine, umekamata shati karibu na kola, umelikunja.

Kazi ya stika ni kumkata mtu na kutupa vingine vyote. Vigae nilivitupa. Mlango nikautupa. Ule mkono ukanisumbua, kwa sababu vidole vilikuwa vimezama kwenye shati. Nikaufuta kidole kimoja kimoja, halafu nikachukua kola ya upande wa pili, nikaigeuza, nikaibandika pale. Ikatoka safi, hata fundi mwenzangu asingejua kwamba pale palikuwa na mkono. Nikaandika juu yake "NIACHENI NA SHIDA ZANGU". Kwenye kona, namba ya duka.

Sikumuuliza mwanangu huyu ni nani. Sikuuliza analia nini, wala mkono ni wa nani. Nilimuuliza kama maandishi yawe ya njano au meupe. Akasema njano.

Kufikia Jumanne stika ilikuwa imenirudia. Ililetwa na muuza vipuri, ikaja kutoka kwenye grupu la kwaya, ikaja kutoka kwa mtu wa mbali kabisa ambaye hajui kwamba ni yangu. Mwisho wa mwezi ulikuwa umepita vibaya kwa kila mtu na yale maneno yaliwafaa. Kichwa kilinivimba. Niliwaambia watu pale kwenye kibanda cha chai, "Hiyo mnayochekea ni kazi ya mikono hii." Nikaagiza chai ya wote.

Jumatatu tarehe 12, asubuhi, nikiwa nafungua duka, uliingia ujumbe kwenye simu ya duka kutoka namba nisiyoijua. Ujumbe bado upo, nao uliandikwa hivi: "Shikamoo fundi. Mimi ndiye niliyeko kwenye stika ya njano. Namba yako nimeiona pembeni. Naomba uifute. Shuleni wananiita Shida Zangu. Hata walimu wameiona."

Nilielewa. Sitaki mtu aseme Fundi hakuelewa. Nilijua hapo hapo kwamba ni mtoto, na kwamba anaomba.

Nilimjibu: "Marahaba binti. Stika ikishatoka imetoka, hakuna wa kuirudisha. Cheka nao kidogo, watachoka wenyewe." Halafu, afande, mkono ule uliozoea ukaenda ukabonyeza ile ile stika, nikamtumia. Nadhani nilitaka kumwonyesha kwamba ni utani tu. Sijui nilitaka nini. Nilikuwa na mteja mlangoni na bango la ubatizo halijakauka.

Akajibu, "Sawa. Asante."

Jioni, mezani, nilimwambia mwanangu, "Yule mtoto wa stika yako kaniandikia, analalamika." Nilisema kama mtu anayetoa habari za mechi. Mwanangu akainua macho upesi, akauliza, "Amekuandikia wewe? Amesemaje?" Nikamsomea. Akasema, "Anajidekeza tu, baba." Mama watoto akasema, "Hebu iondoeni hiyo picha ya watu." Nikamwambia nitaiondoa. Niliiondoa kwenye simu yangu na nikajiona nimemaliza.

Kesho yake darasani wote walikuwa wanajua kwamba ameshitaki kwa Fundi. Hilo nimelijua jana tu, kutoka kinywani mwa mwanangu mwenyewe. Walifungua grupu jingine, wakaliita Mshitaki, wakamwingiza kwa nguvu, akitoka wanamrudisha. Wakawa wanamtumia stika ile kila akipita, mmoja anamtumia, wanasubiri simu ilie mfukoni mwake, wanacheka. Yule mtoto alikuwa ametafuta mtu mzima mmoja wa kumwambia, na huyo mtu mzima akampeleka mikononi mwao akiwa anakula.

Jumamosi tarehe 17 kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, ukumbini, kuanzia saa nne. Bango la mkutano nililichapa mimi: "MTOTO SALAMA DARASANI NA MTANDAONI". Lilining'inizwa ukutani mbele, na kwenye kona namba yangu. Mimi nilikaa nyuma karibu na dirisha, na fundi seremala, rafiki yangu wa miaka mingi.

Aliongea mwalimu wa malezi, yule mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Alisema bila kutaja jina kwamba yupo mtoto katika shule ile anayeteswa kwa picha, na kwamba simu za watoto wetu zinamtesa na sisi tunazilipia bando. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Mtoto akikuletea picha ya mwenzake, usianze na kicheko. Anza na swali: huyu ni nani, na yuko salama? Na kama ni mwanao anayefanya, usimfiche. Mlete tuongee naye, hatumli." Alisema tukae na watoto wetu, tuone wamo kwenye magrupu gani, si kwa kuvizia kama majasusi, bali kwa kukaa nao. Alisema pia tusiwanyang'anye simu watoto wanaoteswa, maana watakachojifunza ni kunyamaza.

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kilemba cha kahawia, alisimama akauliza, "Na kama mtoto haongei, mwalimu? Wangu kila nikimuuliza anasema yuko sawa."

Mwalimu akamwambia, "Asipoongea na wewe mama, ataongea na mtu mwingine. Tumwombe Mungu huyo mtu awe na busara."

Nilitaka kuinua mkono. Naapa niliuinua mpaka hapa kwenye sikio, seremala akadhani najikuna. Nikaona nyuso zile zote, wateja wangu watupu, nikaona nitasimama pale chini ya bango langu mwenyewe niseme mimi ndiye. Nikaona aibu. Hakuna sababu nyingine kubwa zaidi, afande, ilikuwa ni aibu. Nikaushusha. Tulipotoka mwalimu alinishika mkono akanishukuru kwa bango, rangi zimetoka vizuri.

Jana Jumatano tarehe 21, kama saa nane mchana, yule mwanamke wa kilemba cha kahawia aliingia dukani kwangu. Alikuwa amevaa kandambili mbili zisizofanana. Akasema, "Fundi, mwanangu haonekani tangu jana. Polisi nimeshakwenda. Wameniambia nitafute na bango, watu wasambaze. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye mkono mzuri."

Nikamkalisha kwenye stuli. Nikamwambia, "Pole dada, atapatikana." Akanipa simu yake, ndani yake picha ya binti anacheka, amevaa gauni la sikukuu. Akasema, "Chukua hii, hapa ndipo anapofanana na mwenyewe."

Nikaanza kumkata. Nilianzia begani, nikapanda shingoni. Nilipofika kwenye sikio mkono ukaenda wenyewe kabla sijatazama. Ni sikio dogo, limekunjika kidogo juu. Mtu akishamkata mtu mara moja anamjua. Nikasimamisha kipanya. Mama yake akauliza, "Mashine imekwama?" Nikasema, "Kidogo."

Nikamalizia. Nikaandika "AMEPOTEA". Nikamuuliza niweke namba ya nani, akanitajia yake, akarudia mara mbili ili nisikosee. Namba ya duka kwenye kona hujiweka yenyewe, nimeipanga hivyo. Nikasogeza mkono niifute. Akasema, "Iache fundi, iache na yako. Watu wanakujua wewe, wanaweza kukupigia." Nikaiacha. Nikachapa. Sikuchukua hela yake, naye akanishika mikono yote miwili akasema Mungu akulinde na wa kwako. Nikamwambia amina. Sikumwambia kitu kingine chochote. Nilikuwa na namba ya mwanawe mfukoni na nikamwacha atoke na karatasi.

Alipokata kona nilifunga mlango wa duka. Nikapiga ile namba, haipatikani. Nikaandika, "Binti, ni Fundi. Uko wapi?" Ikakaa na tiki moja, haijamfikia.

Ndipo nikaifungua ile picha ya kwanza, ile ambayo sijaikata. Kwenye kompyuta yangu sifuti picha za awali, mteja huweza kurudi. Nikautazama ule mkono. Afande, mimi niliufuta mkono ule kidole baada ya kidole na sikuuona. Kwenye kifundo kuna saa ya plastiki ya bluu, mkanda wake umekatika na umeungwa kwa kipande cha stika nyekundu. Mkanda ule niliuunga mimi, kwa mabaki ya bango la duka la viatu. Ni mkono wa mwanangu.

Nilimwita. Hakukataa. Alianza kulia kabla sijamaliza kuuliza. Alisema walimfungia msalani wakati wa mapumziko, watatu, yeye akamshika ili mwenzake apige picha vizuri. Nikamuuliza, "Alikukosea nini?" Akasema, "Hakuna, baba." Nikamuuliza tena maana nilitaka pawe na kitu. Akasema hakuna.

Sasa naeleza kwa nini sikuja jana. Kutoka kwangu mpaka hapa kituoni ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Nilikaa na kipanya mkononi, picha iko mbele yangu, kitufe cha kufuta kiko pale. Niliwaza kwamba nikiifuta hakuna mkono. Namba ya yule mtoto ningeweza kuituma kwa mama yake bila kujitaja. Nilipanga maneno. Mama watoto alikuja akasimama mlangoni, nikamwambia yote. Alikaa chini. Akasema, "Ukienda polisi unampeleka mwanao." Nikamwambia, "Najua." Tukagombana kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, na alikuwa anasikia. Hatukulala. Asubuhi, akiwa ameniwekea chai, akaniuliza, "Huyo mama jana alikushukuru?" Nikasema ndiyo. Akasukuma kikombe akasema, "Basi inuka uende, baba watoto. Mimi nitakuja na mtoto nyuma yako."

Nimekuja na simu ya duka na hiyo kompyuta. Picha ya awali imo. Sikuifuta. Nasema tena kwamba nilitaka kuifuta.

Saa 4:25, wakati afande akiandika maneno hayo ya juu, simu yangu ikiwa mezani kwake, ile tiki moja ikawa mbili. Nikamwambia, "Afande, kawasha." Akaniambia nisiguse. Ukaingia ujumbe kutoka namba ile ile. Afande ameusoma na mimi nimeusoma: "Shikamoo fundi. Bado wanayo?"

Afande alitaka kupiga, nikamsihi asipige, akiona anapigiwa atazima. Alitoka, akarudi na mkubwa wake. Wakanirudishia simu wakaniambia nimwandikie mimi, maana ananijua mimi. Miaka yote hii najibu watu bila kufikiri, na nilishindwa kuandika neno moja. Niliandika, "Marahaba mwanangu. Mama yako anakutafuta. Uko wapi?"

Akajibu, "Nauliza kama bado wanayo."

Nikamwangalia afande. Nilimwambia kwamba wanayo, ipo kila mahali, mimi mwenyewe siwezi kuhesabu imefika wapi, na kwamba mtoto huyu nimeshamjibu vibaya mara moja. Afande aliniambia, "Fundi, kwanza apatikane. Mwambie imefutwa." Mkubwa wake akasema vivyo hivyo. Naomba hili liandikwe kama lilivyosemwa, na afande amekubali kuliandika.

Nikaandika, "Imefutwa. Yote. Rudi nyumbani."

Akaandika, "Kweli fundi?"

Nikaandika, "Kweli."

Akaandika, "Niko hospitali kubwa, kwenye mabenchi ya ndugu wa wagonjwa, upande wa wodi ya wazazi. Hapa hakuna anayeuliza. Njaa inaniuma."

Afande alitoka mbio. Nilisikia gari likiwashwa. Mimi nilibaki na simu, nikamwandikia akae hapo hapo, asiondoke, mama yake anakuja na chakula. Akajibu "Asante." Hii ni mara ya pili mtoto huyu kunishukuru, na mara zote mbili sikustahili.

Afande amerudi kuendelea kuandika. Ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Jumatatu mtoto huyu akirudi darasani, kabla hajaweka begi chini mtu atamtumia ile stika. Ataiona ile njano yangu na namba yangu kwenye kona, na atajua kwamba mtu mzima wa pekee aliyemwamini amemdanganya, tena baada ya kumuuliza mara mbili. Nilifanya ili apatikane na nikiambiwa nirudie nitarudia, lakini sitaki aligundue hilo peke yake mbele ya watoto thelathini. Naomba niambiwe kama inaruhusiwa nimwambie mimi mwenyewe, leo, mama yake akiwepo. Naomba pia mama yake aambiwe kabla kwamba yule aliyemshika mikono jana ndiye aliyemkata mwanawe kwenye stika. Asipotaka kuniona, ni haki yake.

Mwanangu yuko nje na mama yake, kwenye benchi, nimewaona kupitia dirisha. Saa amevaa. Sikumwambia aivue. Sijui sheria inasemaje kwa mtoto wa miaka kumi na minne, na sikuja kumwombea. Nampenda na ndiye niliyemfundisha kucheka namna ile.

Nimesomewa yote haya kwa sauti, nimeyasikia, ni yangu. Niliambiwa naweza kurekebisha. Kuna mahali nimeonekana mpumbavu na mahali nimeonekana mbaya zaidi ya mpumbavu. Paachwe hivyo hivyo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Nathibitisha kuwa nimeandika maneno ya shahidi kama alivyoyasema, nikamsomea, akayakubali. Simu moja na kompyuta moja zimepokelewa kuwa vielelezo. Picha ya awali imeonekana na mkono unaonekana kama alivyoeleza. Binti wa shahidi ataandika maelezo yake mbele ya mama yake na mwalimu wa malezi, ambaye ameitwa. Shahidi ameelezwa kwamba anaweza kuhojiwa tena, safari hii si kama shahidi. Amesema ameelewa.

Nathibitisha pia kwamba neno "imefutwa" liliandikwa kwa maelekezo yangu.

Mtoto amefikishwa kituoni saa 5:40, ana njaa na baridi, hana jeraha. Yuko chumba cha pili na mama yake, anakula. Nilipoingia kumsalimu aliinuka, akanipa shikamoo, akaniuliza kama fundi amesema kweli. Nilimwambia anisubiri kidogo, nina karatasi ya kumalizia. Karatasi imekwisha. Nakwenda kumjibu, na shahidi nimemwambia anifuate.